Ukarimu kama Mbinu ya Sanaa: Kumkumbuka Mpiga Picha Kiripi Katembo (1979–2015)

Tanzia na uhakiki hazikai katika nyumba moja kwa raha. Tanzia husemwa mbele ya waliofiwa, na kazi yake ni kufariji. Ndiyo maana katika mashairi ya maombolezo sifa za marehemu hupangwa moja baada ya nyingine, wala hakuna msikilizaji anayedai ushahidi. Uhakiki hudai ushahidi hata pale ambapo mtu angependa kunyamaza. Anayetaka kuandika juu ya mpiga picha na mtengenezaji wa filamu Kiripi Katembo Siku, aliyefariki mjini Kinshasa tarehe 5 Agosti 2015 akiwa na umri wa miaka 36, hujikuta kati ya kazi hizo mbili. Sifa inayomjia upesi kalamuni ni ukarimu. Huyu alikuwa msanii aliyekwisha kujulikana ng'ambo, na badala ya kufunga mlango nyuma yake alilitumia jina lake kuwafungulia wenzake. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ikiachwa hivyo inabaki neno la matanga. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ukarimu wa Kiripi Katembo unaonekana ndani ya picha zenyewe: mahali aliposimama, upande alikoelekeza kamera, na jinsi alivyoigeuza picha kabla ya kuitoa kwa watu. Tutauliza pia ukarimu huo uliishia wapi.

Alizaliwa Goma mwaka 1979, katika mji unaosema Kiswahili, akasomea uchoraji katika Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa, mji unaosema Kilingala. Alikuwa mmoja wa kundi la Eza Possibles, vijana walioona kwamba mafunzo ya Akademia yalikuwa yamewabana, wakatafuta njia nyingine za kufanya sanaa, hata barabarani. Jina lao, nusu Kilingala nusu Kifaransa, maana yake ni kwamba jambo lawezekana. Inafaa kukumbuka kwamba Kiripi alianza na brashi. Mtu aliyefunzwa kuchora haishiki picha kama hati ya polisi, kwamba iliyotoka ndiyo hiyo na haiguswi. Anajua kwamba uso wa picha ni uwanja, na kwamba juu na chini ni mambo ya kuchagua.

Ili kuuona upya wa kazi yake, hatuna budi kurudi nyuma kidogo katika historia ya foto mjini Kinshasa. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928 na kufariki Kinshasa mwaka 1997, ndiye aliyetuachia sura ya usiku wa Léopoldville: mabaa, wanamuziki, vijana wenye kofia za ng'ombe-boi, wanawake waliokaa juu ya magari. Depara alitembea na flashi yake, na watu walijipanga mbele yake. Walitaka kuonekana. Kati ya mpiga picha na anayepigwa kulikuwa na mapatano yasiyoandikwa: wewe unanipa sura yako iliyopambwa, mimi nakupa ushahidi kwamba ulikuwa mtu wa mji.

Kizazi cha Kiripi kilikuta mapatano hayo yamevunjika. Mtu anayetoa kamera hadharani mjini Kinshasa anajua kwamba askari anaweza kumfikia kabla hajabonyeza kitufe, na kwamba mpita njia anaweza kumkemea. Wananchi wengi hawapendi kupigwa picha barabarani, na hawakosi sababu. Foto za umaskini wao zimekwenda mbali bila wao, zimechapishwa na kuuzwa bila wao, na hazijarudi hata mara moja na kilo ya unga. Anayekataa hafanyi ushirikina, kama wageni walivyopenda kudhani, anafanya hesabu.

Hapa lugha yenyewe inatusaidia kufikiri. Kiswahili husema «kupiga picha», kwa kitenzi kile kile cha kupiga ngoma, kupiga simu na kupiga mtu. Na Kiswahili cha Lubumbashi, kinachotamka «kupika» pale ambapo wengine hutamka «kupiga», hakiondoi pigo hilo. Msemaji wa kawaida hafikirii fimbo anapotamka maneno hayo, sawa na vile hafikirii fimbo anapopiga pasi. Lakini ukiligeuza tendo katika kauli ya kutendwa, ukasema «nilipigwa picha sokoni», sentensi inaanza kuuma. Nani alinipiga? Alinipa nini?

Jibu la Kiripi Katembo ni mfululizo wa picha unaoitwa Un regard, alioufanya kati ya mwaka 2008 na 2013. Aliacha kuwaelekezea watu kamera. Aliielekeza chini, kwenye madimbwi yanayobaki barabarani baada ya mvua, akangoja watu wapite. Alichopiga ni sura ya mtu ndani ya maji: mama mwenye mzigo, kijana mwenye mwavuli, gari, jengo, waya za umeme, na mbingu nyuma yao. Kisha akafanya jambo la pili, ambalo ndilo kiini cha kazi yote: akaigeuza picha, juu ikawa chini.

Tukitazame kitendo hicho polepole, maana watu wengi hukipita haraka kwa kusema tu kwamba picha hizo ni za ajabu au za ndoto. Mtu anapopita kando ya dimbwi, kivuli chake majini kinasimama kichwa chini. Ndivyo maji yanavyotuona sote. Mpiga picha angeweza kuiacha picha hivyo, na watazamaji wangeshangilia uhodari wa macho yake. Kiripi aliizungusha, na kwa kuizungusha akamrudishia mpita njia miguu yake. Yule aliyekuwa kichwa chini sasa anatembea wima, chini ya anga pana. Gharama ya kumsimamisha mtu huyo inalipwa na mji: mawe yaliyokuwa dimbwini yanaelea hewani kama vimondo, vifuniko vya chupa na mifuko ya plastiki vinakuwa nyota, na ukingo wa tope unakuwa wingu zito juu ya vichwa. Takataka zimepanda mbinguni, mtu amebaki duniani. Sisi tunasoma hapo uamuzi kamili juu ya nani anayestahili kusimama, na sioni neno lingine la kuuita uamuzi huo isipokuwa ukarimu.

Hata hivyo, msomaji mkali ana haki ya kutusimamisha. Je, kumpiga mtu picha ndani ya maji bila yeye kujua si wizi wa mara mbili? Depara aliomba, na aliyeombwa alijipanga; Kiripi hakuomba. Swali hili halifunikwi kwa maneno matamu. Twaweza kujibu kwamba maji yanatikisika, kwamba nyuso hazitambulikani, na kwamba hakuna askari wala mwenye nyumba ambaye angeweza kuitumia picha hiyo dhidi ya mtu yeyote. Aliyechukuliwa hakupoteza uso wake. Lakini ni kweli pia kwamba hakupata kitu mkononi, wala hakuulizwa. Kwa maoni yetu ukarimu wa Un regard haumwendei mpita njia fulani mwenye jina na anwani. Unawaendea wakaaji wa mji kwa pamoja, na hapo ndipo penye mpaka wake wa kwanza. Aliye karimu kwa wote huweza kumpita mmoja bila salamu.

Mpaka wa pili ni uzuri. Baadhi ya picha za mfululizo huu ni nzuri kupita kiasi. Rangi ya mwavuli mwekundu juu ya maji ya kijivu humvuta mtazamaji kiasi kwamba anasahau kuuliza kwa nini maji yamesimama hapo. Katika ukumbi safi wa maonyesho, mbali na harufu, dimbwi laweza kuwa pambo la ukuta. Hatusemi kwamba kosa ni la msanii peke yake, maana mtazamaji naye ana macho yake. Lakini picha zilizo bora zaidi kwetu ni zile ambamo taka zimekaa katikati, kubwa, zikimziba mtu nusu. Hapo mtu anaona kwanza jiwe, halafu binadamu, na hawezi kumtazama mmoja bila mwingine.

Majina ya picha yanastahili kusimamiwa, hasa katika jarida la masomo ya Kiswahili. Kwanza jina la mfululizo. Kifaransa husema un regard, na ile «un» yaweza kuwa kiambishi tu kisicho na uzito, au yaweza kuwa hesabu. Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo, basi mfasiri hulazimika kuchagua: «Mtazamo», au «Mtazamo Mmoja»? Tungechagua la pili. Kiripi hakudai kuuonyesha mji wote. Alitupa jicho lake moja, na alijua kuna mengine.

Kisha majina ya picha moja moja, mengi yao yakiwa vitenzi visivyo na mtenda: Survivre, Subir, Tenir, Errer. Kwa Kifaransa vitenzi hivyo vimekaa kikavu, kama maneno ya kamusi. Tukijaribu kuvitia katika Kiswahili, kila kimoja kinatuletea matata, na matata hayo yana faida. Survivre tungependa kusema «kuokoka», lakini katika makanisa yetu neno hilo limekwisha kwenda kwingine. Anayesema ameokoka hasemi kwamba amekula leo. Inabidi tuseme «kubaki hai», au «kuponea», kitenzi tunachokitumia kwa mtu aliyeponea chupuchupu. Tenir ni «kujikaza», na kile kiambishi cha kujirejea kinaongeza jambo ambalo Kifaransa hakikulitamka: hakuna mwingine wa kukukaza. Errer ni «kutangatanga», kitenzi kinachojirudia chenyewe kama hatua za mtu asiye na mahali pa kwenda.

Kilicho kigumu kuliko vyote ni Subir. Kifaransa kina neno moja kwa hali ya yule anayefikwa na mambo. Sisi hatuna neno moja, tunayo sarufi. Kiswahili humwonyesha mtu huyo kwa mnyambuliko, na mifano miwili iliyo wazi kabisa ni «kunyeshewa» na «kufiwa». Mvua inanyesha, na mtu ananyeshewa. Mtu anakufa, na mwingine anafiwa. Katika vitenzi hivyo aliyepatwa na jambo ndiye anayekuja mbele na kuwa kiima cha sentensi, wakati mvua na kifo vinasogea nyuma. Inastaajabisha jinsi hatua hiyo ya sarufi inavyofanana na hatua ya Kiripi ya kuizungusha picha: anayetendwa anasimamishwa mbele. Hatudai kwamba mzaliwa huyu wa Goma alikuwa akiwaza minyambuliko alipoinama juu ya dimbwi. Tunasema tu kwamba msomaji wa Kiswahili anayo lugha iliyo tayari kumpokea, na kwamba kazi hizi zikifasiriwa vizuri zitasomeka kwetu kwa undani ambao jina la Kifaransa halikuufikia.

Kuna jambo ambalo mwandishi wa tanzia angelishika mara moja, nalo ni sababu ya kifo chake. Kiripi Katembo aliuawa na malaria ya ubongo. Msanii wa madimbwi ameuawa na mbu: kishawishi cha kutengeneza mfano hapo ni kikubwa, na tunakikataa. Tunakikataa kwanza kwa sababu ya elimu ya wadudu, maana mbu wa malaria, anofelesi, hupenda zaidi maji ya mvua yaliyo wazi juani, wakati maji meusi ya mitaro huzaa mbu wa aina nyingine. Hakuna anayeweza kusema ni dimbwi gani. Tunakikataa pia kwa sababu kinamgeuza mtu kuwa ishara, jambo ambalo picha zake zinakwepa. Kongo ni nchi ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa idadi ya wanaouawa na malaria. Waliokufa kwa ugonjwa huo mwaka 2015 hawakuhitaji kuwa wapiga picha ili kifo chao kiwe na maana.

Lakini yeye mwenyewe alikwisha kulisema jambo hilo waziwazi, bila kulifumba. Mwaka 2010 ilitoka filamu Congo in Four Acts, mkusanyo wa filamu fupi nne za vijana wa Kongo uliotayarishwa na Djo Munga pamoja na Steven Markovitz na kuonyeshwa mwaka huo katika tamasha la Berlin. Mbili kati ya hizo nne ni za Kiripi. Moja, Symphonie Kinshasa, inatembea mjini na kuonyesha malaria, uhaba wa maji safi, na nyaya za umeme zilizolala wazi barabarani. Kama sanaa, filamu hiyo ina upungufu: inaeleza sana, na mtazamaji anahisi ameshikwa mkono. Faida yake ni kutufundisha jinsi ya kuzitazama picha za Un regard. Anayeijua filamu hawezi tena kuona dimbwi kama kioo tu. Dimbwi ni mtaro ambao haukuchimbwa.

Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ametengeneza kazi ndogo ambayo sisi tunaipenda kuliko filamu zake nyingine zote, Voiture en carton, «Gari la Karatasi Ngumu», ya mwaka 2008. Mbinu yake inaelezeka kwa sentensi moja. Kiripi aliweka simu ya mkononi inayorekodi ndani ya gari la kuchezea lililotengenezwa kwa katoni, na mtoto wa kike akalivuta kwa kamba katika barabara za Kinshasa. Tunachokiona ni mji kutoka kimo cha kifundo cha mguu: miguu, magurudumu, vumbi. Hakuna askari anayemsimamisha mtoto mwenye kigari. Wajanja wataona hapo ujanja wa kupita vizuizi, na hawakosei. Sisi tunaona zaidi ya hayo. Msanii aliyetaka kuonyesha mji wake alimwachia mwingine njia, mwendo na vituo. Mtoto akisimama filamu inasimama, mtoto akikimbia filamu inakimbia. Ni nadra mwenye kamera kumpa mtu mwingine kiasi hicho cha mamlaka, na ni nadra zaidi kumpa mtoto. Ile hoja ya idhini tuliyoiacha wazi kuhusu Un regard inapata hapa jibu la nusu: kazini alikuwepo mtu mmoja, mdogo kuliko wote, ambaye alikuwa mwenzi.

Neno hilo la mwenzi latuleta kwenye matendo yake kwa wasanii wengine. Kampuni yake, Mutotu Productions, ilishiriki kutayarisha Atalaku ya Dieudo Hamadi, filamu ya mwaka 2013 juu ya uchaguzi wa 2011, na Hamadi leo ni miongoni mwa watengenezaji wa filamu za hali halisi wanaoheshimiwa sana nchini mwetu. Walikuwa wote wawili katika mkusanyo ule wa 2010. Mmoja alitangulia kupata jina, akamshika mwenzake mkono. Mwaka 2014 Kiripi akaanzisha Yango, bienali ya sanaa mjini Kinshasa. Kwa Kilingala neno hilo lamaanisha «hicho», «chenyewe», kitu kilichokwisha kutajwa na ambacho wasemaji wote wanakijua. Kusudi lilikuwa picha za wasanii wa Kinshasa zionekane Kinshasa. Mpiga picha wa Kongo anayeonyeshwa Paris na Bamako kabla ya kuonyeshwa kwao ana watazamaji, lakini hana majirani. Kiripi alikuwa tayari na watazamaji. Angeweza kukaa nao.

Katika uhakiki wa haki inabidi tuseme pia lililo gumu. Tolea la kwanza la Yango lilikuwa la 2014. Mwanzilishi alifariki mwaka uliofuata. Tolea la pili lilifanyika mwaka 2022, mwanafalsafa Nadia Yala Kisukidi akiwa miongoni mwa wasimamizi wake. Ni miaka minane. Baadhi ya miaka hiyo ililiwa na gonjwa la korona, lakini si yote. Ukilinganisha na hapa Lubumbashi, ambako shirika lililoanzishwa na Sammy Baloji na Patrick Mudekereza, lenye jina la Kiswahili, Picha, lilifungua mikutano yake ya kwanza mwaka 2008 na tangu hapo bienali yake imepita katika mikono ya wasimamizi mbalimbali, unaona tofauti. Hatusemi hivyo kwa majivuno ya mji. Tunajua ni kwa taabu gani kila tolea la Lubumbashi hupatikana. Tunasema kwamba ukarimu wa Kiripi ulikuwa umekaa sana juu ya mabega yake: jina lake, marafiki zake, simu zake, nguvu zake. Alitoa bila kuhesabu, na kitu kinachotolewa bila kuhesabiwa hakiandikwi katika daftari ambalo mwingine angeweza kulifungua asubuhi ya pili. Ukarimu wa namna hiyo unapendeza, na unaacha watu wengi yatima. Kwamba wenzake walilibeba jina la Yango miaka yote hiyo hadi likasimama tena ni sifa yao, na ni ushahidi kwamba alichowapa kilikuwa na uzito.

Alifariki wakati kazi yake ilipokuwa mbele ya macho ya watu wengi. Tarehe 11 Julai 2015 maonyesho Beauté Congo yalikuwa yamefunguliwa katika Fondation Cartier, Paris, yakisimamiwa na André Magnin na kukusanya sanaa ya Kongo tangu 1926. Picha za Depara na za Kiripi zilikuwa ndani ya nyumba moja. Haukupita mwezi, na mmoja wa wasanii vijana wa maonyesho hayo akawa amehamia upande wa marehemu, pamoja na Depara.

Tumebakiza kwa makusudi filamu yake ya pili katika mkusanyo wa 2010, kwa sababu inatuhusu sisi wa Katanga. Inaitwa Après la mine, «Baada ya Mgodi», na mahali pake ni Kipushi, kiasi cha kilomita 30 kutoka Lubumbashi. Mgodi wa Kipushi, uliofunguliwa na Union Minière katika miaka ya 1920 na baadaye kushikwa na Gécamines, ulisimama mwaka 1993. Watu walibaki, na udongo wenye sumu ukabaki nao. Baloji, alipofanya mfululizo wake Mémoire mwaka 2006, aliwarudisha wafanyakazi wa zamani wa picha za kikoloni na kuwasimamisha mbele ya mitambo iliyokufa. Swali lake ni la historia, nani alijenga na kwa mwili wa nani. Kiripi hakuja Kipushi na maswali ya historia. Alikuja kama mgeni anayesikia lugha ya kwao Goma katika matamshi mengine, akatazama wanaishije leo juu ya ardhi hiyo: wanalima nini, watoto wanacheza wapi, vumbi linaingia wapi. Filamu haina ajabu ya maji wala rangi za mwavuli. Mtazamaji aliyeyazoea madimbwi yake huweza kuiona kavu. Sisi tunaiona kuwa kazi yake iliyo na adabu kuliko zote, kwa sababu humo watu wana nyuso.

Mwaka 2024 mgodi huo ulianza tena kuzalisha, safari hii zinki hasa. Kwa hiyo jina la filamu limebadilika maana bila herufi moja kuguswa: ile «baada» ilikuwa kipindi chenye mwanzo na mwisho, cha miaka 31, na Après la mine ni mojawapo ya shahidi chache za picha zilizopigwa ndani yake na mkono wa Mkongo. Mwanafunzi anayetafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo angeweza kuichukua hii: aende Kipushi na filamu, aionyeshe kwa wakaaji, aandike kwa Kiswahili chao wanachokisema wanapoyaona tena makwao ya 2010, nani yupo na nani hayupo, na shamba lipi sasa limekuwa ndani ya uzio.